Pete na Fimbo Hazijumlishwi

Binti yangu alinikubalia kukaa mezani kwa masharti mawili: nisibishane juu ya sheria, na nihesabu kwa haki. Nikivunja lolote kati ya hayo, alisema, nitanyanyuka, na kiti changu kitarudi jikoni kilikotoka.

Sharti la kwanza lilikuwa adhabu tosha. Nilisoma falsafa chuo kikuu, na kwa miaka karibu thelathini faida pekee niliyoipata kwa elimu hiyo ni kuchelewa sokoni Nkubu nikijadiliana na mama wa viazi kuhusu maana ya neno "debe". Lakini sharti la pili ndilo lililoniuma, kwa sababu lilikuwa na historia, na historia hiyo tuliijua sisi wawili.

Alipokuwa na miaka minane nilimfundisha drafti. Tulitumia ubao niliouchora kwa kalamu kwenye kipande cha katoni, na vifuniko vya soda ishirini na vinne: vyake vikitazama juu, vyangu vimelala kifudifudi. Nilikuwa nikimwachia ashinde. Nilijiona baba hodari sana. Nilikuwa na ufundi wa kukosea: nasita kidogo, nakuna kichwa, kisha nasukuma kifuniko mahali ambapo hata kuku angeona mtego. Jioni moja akanisikia jikoni nikimwambia mama yake, "Leo nimemwachia tatu mfululizo, ameenda kuoga akiimba." Hakulia. Alikusanya vifuniko vyote, akavitia ndani ya soksi, na tangu siku hiyo hakucheza nami tena mchezo wowote. Hata karata. Hata ule wa kukisia gari litakalopita litakuwa la rangi gani.

Mwaka jana alimaliza chuo akarudi nyumbani kusubiri kazi. Alirudi na kitabu kinene alichokuwa amekichapisha karatasi kwa karatasi kwenye duka la kompyuta na kukifunga kwa waya, na baada ya wiki mbili meza yetu ya kulia chakula ilikuwa na mkutano kila Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa nikipita pita pale nikijifanya natafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Mchezo wenyewe ni wa kusimuliana. Kila mmoja anakuwa mtu fulani katika nchi isiyokuwepo. Binti yangu, kiongozi, ndiye anayesema kilicho mbele yenu: mlango, chui, mfalme mwenye hasira. Wewe unasema unafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, unachota namba, unaongeza nguvu zako, na ukifikia kiwango alichokitaja unafaulu. Wenzetu wa mbali hutumia dadu zenye pande nyingi. Hapa kwetu ulikuwa mkebe wa bati wenye vifuniko ishirini vya soda vilivyoandikwa namba kwa rangi ya kucha. Siku ya kwanza nilipouinua ule mkebe nilivitambua vile vifuniko. Kimoja kilikuwa na mbonyeo niliousababisha mimi kwa meno. Nilikipapasa kwa kidole gumba, nikakirudisha mkebeni.

Tulikuwa wachezaji watatu. Wa kwanza ni mpwa wa mke wangu, msichana wa Ishiara anayesomea uuguzi na anayekaa kwetu. Alikuwa mpiganaji, mchunga mbuzi aliyeacha mbuzi akashika mkuki. Huyo mtu wake alikuwa amemwandika kwenye karatasi ya daftari na kumfunika kwa plastiki, pamoja na jina la mamake, ugonjwa aliougua utotoni na mbuzi aliyempenda kuliko wote. Alimpenda mtu huyo kama wengine wanavyopenda timu. Wa pili ni jirani yetu wa ukuta, mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Mikinduri, mzee wa kanisa, mtu asiyeweza kuokota hata embe lililoanguka upande wake bila kutuuliza. Alichagua kuwa mwizi.

"Wiki nzima nawaambia watoto wasiibiane kalamu," alisema. "Jumapili na mimi nipumzike."

Wa tatu nilikuwa mimi, na nilichagua kuwa mchawi. Hapo mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Uchawi? Kwa meza yangu? Siku ya Bwana?"

"Mama, ni hesabu tu," binti yake akamwambia.

Mke wangu alivuta kiti akakaa kutuchunguza. Alisikiliza saa nzima tukijadili nani atangulie kupita kwenye lango, nani abebe kamba, na kama kamba ni ya kikundi au ya mtu binafsi. Kisha akainuka. "Hii si uchawi," akasema. "Hii ni kamati." Toka siku hiyo tulikuwa na kibali, ila tuliyaita mambo ya mchawi "matamko" ili mgeni akipita asishtuke.

Naomba nieleze kilichonivuta, kwa maana si mapanga. Kila tamko katika kitabu kile ni dogo na limepimwa. Tamko la kamba hutoa kamba ya mwanga, urefu wake hatua kumi, uimara wake wa mtu mmoja. Basi. Lakini mchawi anaweza kuwa na viongezeo. Kimoja hurefusha, kingine hukoleza, kingine hulifanya tamko lidumu, kingine hulizaa pacha likapiga mara mbili. Viongezeo hivyo hutoka mahali mbalimbali: kipaji cha mwili wako, chombo unachobeba, baraka ya mwenzako, hata ardhi uliyosimama. Na swali linalowagombanisha watu dunia nzima, nilikuja kujua, ni moja: viongezeo viwili vikikutana juu ya tamko moja, vinafanya nini? Vinajumlishwa? Vinazidishana? Kimoja kinameza kingine?

Nilimiliki fimbo, nikamiliki pete. Fimbo ya Radi ilikoleza matamko yangu kwa mbili. Pete ya Kaa la Moto ilikoleza kwa tatu. Mbili na tatu ni tano. Hata falsafa haijafaulu kulipinga hilo. Nikaandika tano kwenye karatasi yangu na nikaishi nayo kwa furaha kubwa.

Sasa nifike mtoni.

Binti yangu alituleta kwenye mto mkavu, mchanga mtupu, na mpiganaji wetu akaingia katikati kuchimba maji. Mpwa wetu alipaswa kushtuka. Kwao Ishiara mvua inaweza kunyesha huku juu mlimani ilhali kule chini jua linawaka, na mto uliokauka ukashuka ghafla kama ukuta. Lakini alikuwa na kiu ya hadithi. Maji yakaja. Mpiganaji akabebwa.

"Mto ukishuka hauulizi jina," binti yangu alisema kwa ile sauti yake ya mezani. "Baba, unafanya nini?"

"Tamko la kamba."

"Kiwango kumi na nne."

Mpwa wetu alikuwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili kama mtu anayezuia upepo. Nikaingiza mkono mkebeni. Nikatoa kumi.

"Kumi," nikasema, "na fimbo mbili, na pete tatu. Kumi na tano!"

Mwalimu alipiga meza hadi vikombe vikaruka. Mpwa wetu akanikumbatia shingo. Binti yangu akanitazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Baba, umemtoa." Naomba mnielewe: nimewahi kupandishwa cheo, nimewahi kuona makala yangu ikichapishwa ukurasa wa mbele wa toleo la Jumapili, na hakuna kati ya hayo lililonikaa kifuani kama lile "umemtoa".

Jumapili tatu zikapita. Binti yangu akapata kazi Kisumu. Zilibaki Jumapili mbili aondoke, na nilizihesabu kama mgonjwa anavyohesabu vidonge vilivyobaki kwenye karatasi.

Jumamosi iliyotangulia ya kwanza kati ya hizo mbili niliteremka Mitunguu, ambako nina kipande cha shamba chenye migomba, mfereji wa maji na nyanya. Mimi ni mkulima wa simu, wale wanaolima kwa kupiga na kuuliza. Siku hiyo niliuliza nikaambiwa nyanya zinaliwa na inzi weupe, na kwamba dawa niliyonunua haifanyi kazi. Nikaamua kwenda mwenyewe, na gambuti zangu safi za mpira zinazochekwa na kijiji kizima.

Kule kwetu kuna desturi ya pampu. Ukiona dawa moja haiui, unanunua ya pili, unazimimina zote kwenye pampu moja ya mgongoni, unatikisa, na unaita kokteli. Kila mkulima ana kokteli yake na anailinda kama siri ya ukoo. Yangu ilikuwa ya chupa mbili: moja ya kifuniko chekundu, moja ya kijani. Nilikuwa nimenyunyizia mara mbili, na inzi walikuwa wamenona.

Nikaingia kwenye duka la dawa za kilimo. Mwenye duka ni mama wa makamo ambaye amenipa jina la mzee wa gazeti tangu aliponiona nikifungia mbegu kwenye makala yangu mwenyewe.

"Mzee wa gazeti! Karibu. Nyanya zimekufa ama bado?"

"Bado. Lakini inzi hawafi pia. Na nimechanganya dawa mbili, mama. Kali zote."

"Zipi?"

Nikaziweka juu ya kaunta, kwa fahari. Hakuzishika. Alizitazama tu kama mwalimu anavyotazama insha iliyonakiliwa.

"Wewe unaandika gazetini?"

"Ndiyo."

"Na kusoma, ulisomea wapi?"

Mkulima mmoja aliyekuwa akipima mbolea alianza kucheka kabla hata hajajua ni nini. Yule mama akageuza chupa ya kwanza, akaweka ukucha kwenye maandishi madogo kabisa karibu na kitako, ambapo palikuwa na kisanduku na neno "kundi" na namba. Akageuza ya pili. Kisanduku kile kile. Namba ile ile.

"Kampuni mbili, kifuniko mbili, bei mbili," akasema. "Dawa ndani ni moja. Hujachanganya kitu. Inzi akishazoea hii, amezoea na ile. Yeye hasomi jina la chupa."

"Kwa hivyo hazijumlishwi."

"Zinajumlishwa na nini? Unachukua ile moja yenye nguvu, unatupa ingine. Ukitaka kusaidia nyanya, tafuta ya kundi tofauti. Hiyo ndiyo inakuja na mkono mwingine."

Nikasimama pale na mkono juu ya kaunta. Mama yule alidhani nimekasirika kwa ajili ya bei. Kumbe nilikuwa nimeona pete yangu na nimeona fimbo yangu, kifuniko chekundu na kifuniko cha kijani, na nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwa mwezi mzima: chini ya ukurasa, karibu na kitako, paliandikwa nini?

"Mama," nikasema, "ahsante. Umeniharibia Jumapili."

"Nimekuuzia dawa bado?" akauliza.

Nilinunua ya kundi tofauti, nikanyunyizia, nikarudi Nkubu jua likiwa bado juu. Mke wangu alikuwa barazani akichagua maharagwe kwenye ungo. Binti yetu na mpwa walikuwa wametoka. Nikachukua kile kitabu cha waya, nikakaa kando ya mke wangu, nikakifungua kwenye sura ya viongezeo. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara nne. Sikuwa nimesoma maandishi madogo chini ya jedwali, kwa sababu mtu mwenye shahada huamini kwamba jambo muhimu litaandikwa kwa herufi kubwa.

Palikuwa na mistari mitatu. Kila kiongezeo kina asili yake: mwili, chombo, baraka, ardhi. Viongezeo vya asili tofauti hujumlishwa. Viwili vya asili moja havijumlishwi. Chukua kilicho kikubwa.

Fimbo ni chombo. Pete ni chombo. Tatu, si tano. Kumi na tatu, si kumi na tano. Kiwango kilikuwa kumi na nne.

Nitakubali jambo la aibu: hisia ya kwanza haikuwa huzuni. Ilikuwa utamu. Niliiona sheria ile ikifungua milango kila upande. Nilipooa, wazee saba wa ukoo wa mke wangu walisimama mmoja baada ya mwingine kule Ishiara na kutubariki kwa maneno yale yale: mzae, mfuge, mvune. Je, tulipokea baraka saba, au moja? Na mamake mke wangu, ambaye hakusema kitu ila alimtilia mkononi chupa ya asali, je, yake ilikuwa ya asili nyingine, ikajumlishwa juu ya zote? Nikamuuliza mke wangu.

"Chukua iliyo kubwa," akasema bila kuinua macho, "na uache kuhesabu baraka kama maharagwe." Kitabu hakuwahi kukifungua.

"Na asali?"

Akafikiri. Akatupa jiwe dogo uani. "Asali ni tofauti," akasema. "Asali unaweka juu."

Hapo ndipo utamu ukaniishia, kwa maana niliyaona mengine. Mpiganaji wa mpwa wetu alipaswa kufa mtoni Jumapili tatu zilizopita. Aliishi kwa sababu mimi nilihesabu vibaya, tena kwa upande wa huruma. Na mtu mmoja duniani angelitazama kosa hilo na kuona mkono anaoujua: mkono unaosita, unaokuna kichwa, unaosukuma kifuniko mahali pabaya ili msichana fulani aende kuoga akiimba. Ningesema sikujua. Hata mimi, kama ningekuwa yeye, nisingeniamini.

Hakuna mwingine aliyekuwa amesoma ile mistari mitatu. Zilibaki Jumapili mbili. Ningeweza kuifuta tano, niandike tatu kimya kimya, nikae kwenye kiti changu hadi aondoke. Nilimwambia mke wangu yote.

"Basi nyamaza," akasema. Akachagua maharagwe kidogo. "Lakini utaweza? Wewe ukinyamaza unavimba uso."

Kesho yake tuliketi kama kawaida. Mwalimu alikuwa amekuja na njugu. Binti yangu akafungua daftari lake.

"Kabla hatujaanza," nikasema, "nina jambo."

"Baba, si ulikubali masharti?"

"Sibishani. Naungama."

"Aii," mwalimu akasema, "leo kuna ushuhuda. Tusimame?"

Nikakifungua kitabu kwenye ukurasa ule, nikaweka ukucha kwenye mistari mitatu, nikakisukuma hadi mbele yake. Nikaeleza fimbo, nikaeleza pete, nikaeleza mto. Nilijaribu kuwa mfupi na kwa mara moja maishani nikafaulu. Binti yangu alisoma, akarudia kusoma. Mpwa wetu alikuwa ameacha kutafuna.

"Ulijua?" binti yangu akauliza.

"Sikujua. Nimejua jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Kwenye duka la dawa, Mitunguu."

"Duka la dawa?"

Ikabidi nieleze chupa mbili na inzi weupe. Mwalimu alicheka hadi akapaliwa na njugu. Kumbe na yeye ana kokteli yake ya maharagwe, na nikaona uso wake ukibadilika alipokumbuka vifuniko vya chupa zake. Lakini binti yangu hakucheka.

"Si kama drafti?" akauliza polepole.

Lilikuwa neno ambalo halikuwa limetajwa ndani ya nyumba ile kwa miaka kumi na mitano. Mke wangu, jikoni, alifunga bomba la maji.

"Drafti nilijua," nikasema. "Drafti nilifanya makusudi, na nilikosea. Hii ni kutosoma tu."

Akanitazama kwa muda. Sijui alikuwa akitafuta nini, lakini nilijizuia nisikune kichwa. Kisha akamgeukia binamu yake, na mambo yakachukua njia ambayo sikuitarajia.

"Sawa," akasema. "Tunaweza kuchota tena. Mara moja. Kwa tatu."

"Kwa nini tuchote tena?" mpwa wetu akauliza. "Si ilitoka kumi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kumi na tatu ni ngapi?"

"Ni kumi na tatu," binti yangu akasema, na akaanza kufunua kurasa za daftari lake haraka haraka. "Ngoja. Labda ulikuwa umepata baraka siku hiyo. Mwalimu hakukubariki langoni? Ama mto. Mto labda nilisema kumi na tatu. Sikusema kumi na tatu?"

"Ulisema kumi na nne. Niliandika." Mpwa wetu aligeuza karatasi yake ya plastiki akaonyesha. "Wewe, wacha kuniachia."

"Sikuachii."

"Unaniachia. Nikiishi, niishi na yangu. Mimi ni wa Ishiara, mto najua ni nini."

Binti yangu akainua macho na kuyaleta kwangu, si kwa binamu yake. Niliujua uso ule. Ulikuwa wa mtu aliyekamatwa akisukuma kifuniko mahali ambapo hata kuku angeona. Nadhani sote wawili tuliliona kwa wakati mmoja: kwamba mkono ule haukuwa wangu peke yangu, kwamba ukimpenda mtu na mkebe uko mbele yako, vidole vinaanza kutafuta vyenyewe. Alifunga daftari.

"Kamba ilifika," akasema kwa sauti yake ya mezani, ila taratibu kuliko siku zote. "Aliishika. Mwanga ukapita kati ya vidole vyake kama maji mengine. Mara ya mwisho mchawi alimwona, alikuwa ameuinua mkuki juu ili usilowe."

Mpwa wetu aliitoa karatasi ndani ya plastiki, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia yake, ambayo ilikuwa bado mezani kutoka ibadani. Macho yalikuwa yamemlowa naye alikuwa akicheka.

"Sasa nimekufa vizuri," akasema.

"Hapana, subirini kwanza," mwalimu akasema. "Kama alikufa mtoni, Jumapili iliyopita nani alinivuta kutoka kwa lile shimo la chui?"

Binti yangu hakuwa amelifikiria. Nilimwona akilifikiria. Pembe ya mdomo ikapanda.

"Ulivutwa na mtu," akasema. "Mwenye mkuki."

"Si yeye?"

"Yeye alikuwa amekufa."

"Basi alikuwa nani?"

"Hiyo utajua."

"Ah, hapana," mwalimu akasema, akasogeza kiti chake karibu na changu. "Hiyo sasa sijaipenda."

Mimi nilikuwa tayari nimesimama. Masharti ni masharti. Nilikuwa nimekishika kiti kwa mgongo wake, na nilikuwa nimeanza hata kuitunga ndani ya kichwa ile hotuba fupi ya kuaga, ambayo ingekuwa ndefu.

"Baba, unaenda wapi?"

"Jikoni. Sharti la pili."

"Sharti lilisema uhesabu kwa haki." Akanisukumia karatasi yangu na kifutio. "Hesabu. Tatu. Halafu ukae chini, zamu ni yako."

Nikakaa. Nikafuta tano, ambayo ilikuwa imeandikwa kwa nguvu nyingi kiasi kwamba alama yake haikutoka kabisa, nikaandika tatu juu yake. Mpwa wetu alikuwa ameomba karatasi mpya na ameanza mtu mwingine, mpiga mishale, na baada ya dakika chache akanigusa kiwiko.

"Anko, upinde na glavu zinajumlishwa?"

"Soma chini ya ukurasa," nikasema.

Jioni ile, kabla ya chakula, binti yangu aliosha vikombe na mimi nikavipangusa. Aliosha vinne, cha tano akabaki nacho mkononi.

"Drafti zote uliniachia?" akauliza. "Hakuna hata moja niliyoshinda?"

Nilitaka kusema nyingi. Nilihisi vidole vikianza kutafuta.

"Moja," nikasema. "Ile siku ya mvua ya mawe. Ulinila vifuniko vitatu kwa mruko mmoja."

Akanipa kikombe cha tano.

"Hiyo najua," akasema. "Siku hiyo hukukuna kichwa."